Mgonjwa Haulizwi Uji

Zipo methali ambazo hatuzichungui tena kwa kuwa tumezizoea mno, na mojawapo ni hii isemayo kuwa mgonjwa haulizwi uji. Aghalabu huisema mwenyeji mbele ya mgeni anayejitia haya. Kahawa imeshamiminwa, kaimati zimeshawekwa sahanini, na mgeni akiulizwa kama atakula atasema ameshiba. Basi ya nini kumuuliza? Huandaliwa tu. Hapo methali ni ukarimu mtupu, wala hapana wa kuigombeza. Lakini nimepata kuisikia pia katika vinywa vya wenye madaraka, panapozungumzwa habari za zahanati na vituo vya afya, ikatumika kufunga mjadala: wananchi wanataka dawa, hawataki mikutano, wapeni dawa, yamekwisha. Mgonjwa haulizwi uji.

Hoja hiyo si ya kipuuzi, na haifai kujibiwa kwa hasira. Aliyeshikwa na homa kali hana haja ya kuulizwa rai yake juu ya homa. Tabibu asiyejua kazi yake hawi bora kwa kuwa ni hodari wa kusikiliza. Na fedha ni chache, na siku ni fupi. Kwa hiyo swali tulitie mahali pake: huduma ya afya iliyo njema, yenye dawa na yenye tabibu, ina upungufu wowote wa kimaadili ikiwa wanaohudumiwa hawakuulizwa neno? Swali hilo lina pacha wake, na pacha huyo, kwa maoni yangu, ndiye mzito zaidi: aliyewauliza watu, wakamjibu, kisha akanyamaza, amewafanyia nini?

Nimeona tulipeleke swali hili mbali na pwani, kwa sababu hapa visiwani petu pafupi, na ufupi wa njia hufunika mambo. Twende kata ya Mwamanyili, wilaya ya Busega, katika nchi ya Wasukuma, upande wa Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Hadi mwaka 2012 wenyeji wa Busega walikuwa watu wa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Mwaka huo ukaundwa mkoa mpya wa Simiyu, makao yake makuu yakawa Bariadi, na Busega ikawa wilaya yenyewe. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na kwa walio karibu na maji, nchi ya mitumbwi na nyavu. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita katika wilaya hiyo, naye akaaye kando ya lami huwa na bahati ya usafiri asiyokuwa nayo akaaye ndani, kwenye njia ambazo masika huzigeuza tope.

Mwaka 2007 serikali ya Tanzania ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule ulioitwa MMAM, wa miaka 10. Ahadi yake ilikuwa zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Ahadi kubwa kama hiyo haikuweza kubebwa na hazina peke yake, kwa hiyo mzigo ukagawanywa: wananchi waanze, serikali imalizie. Ndipo neno boma likapata maana ambayo sisi wa pwani, tuliozoea boma la ngome, hatukuwa nayo. Boma la zahanati ni kuta zilizosimama bila ya paa. Watu huchanga fedha, husomba mawe na mchanga, kina mama huteka maji ya kukorogea saruji, kuta hupanda hata zikafika kwenye lenta, kisha hungojewa mabati. Mengi yameezekwa na leo yanatibia watu. Mengine yamengoja miaka, nyasi zikaota ndani mahali palipokusudiwa kitanda cha kuzalia.

Hapa ndipo mimi, ambaye riziki yangu ni maneno, huanza kuvitazama vitenzi. Lugha ya maendeleo haisemi kuwa wananchi wanashiriki. Husema wanashirikishwa. Tofauti ya viambishi hivyo viwili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Anayeshiriki ni mtenda. Anayeshirikishwa ametendeshwa, na yuko aliyemtendesha, ambaye sarufi imemficha. Na tulipotaka nomino tukaunda ushirikishwaji, neno refu lisiloimbika katika bahari yoyote ya ushairi niijuayo, ambamo mtu amekwisha kutoweka kabisa, kimebaki kitendo kisichokuwa na mwenyewe. Mfasiri akilikuta neno hilo katika waraka hujiuliza: ni nani hapa mwenye kitenzi? Hilo si suala la sarufi tu. Mwenye kitenzi ndiye mwenye zahanati.

Jambo hili halikuanza juzi. Uko mwaka mmoja katika historia ya Tanzania ambao ningependa kila anayezungumzia afya ya umma aukumbuke, nao ni 1973. Mwaka huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na wizara ya afya, iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Vikundi vya watu vilikusanyika vijijini kuzunguka redio, vikasikiliza vipindi, vikasomewa vijitabu, vikajadiliana juu ya malaria, kichocho, kuhara, minyoo na kifua kikuu, kisha vikaamua vyenyewe la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Watu wazima wapatao milioni 2 waliingia katika vikundi hivyo. Tafadhali lipime jina lenyewe. Haikusemwa mtu ana afya, wala mtu apewe afya. Ilisemwa mtu ni afya. Sijaona bado jina la mpango wowote wa wizara yoyote lililonifurahisha kama hilo.

Na mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Rais Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji si hiari tena, ni amri. Ikafuata Operesheni Vijiji, na nchi ya Wasukuma, ambako watu walikuwa wamezoea kukaa kwa kutawanyika, kila ukoo na mashamba yake na malisho yake, ikawa miongoni mwa zilizohamishwa kwa wingi. Sababu zilizotolewa zilikuwa za huruma: mkikaa pamoja mtapata maji, shule, na zahanati. Kwa hakika wengi walizipata. Tunaweza kusema, basi, kwamba wananchi walipelekwa kwenye zahanati wao na nyumba zao, pasi na kuulizwa. Mwaka uliotangulia, 1972, mabaraza ya wilaya yaliyochaguliwa na watu yalikuwa yameshavunjwa, na jina la sera iliyoyavunja lilikuwa Madaraka Mikoani. Mabaraza hayo yalikuja kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Siyasemi haya kwa kumhukumu Mwalimu, ambaye kazi zake mimi nikiwa mtu wa lugha nina deni nazo. Nayasema kwa kuwa mambo mawili yaliyo kinyume yalitendwa na mikono ile ile, kwa nia ile ile njema, katika mwaka ule ule, na tofauti yao haimo katika wema wa aliyetenda. Ndani ya kikundi cha redio mkulima aliamini kuwa analo neno la kusema juu ya choo chake. Mbele ya operesheni hakuwa nalo hata juu ya mahali pa kulala.

Miaka mitano baadaye, Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Sovieti, yakatoa tamko juu ya afya ya msingi. Tamko hilo linasema kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma za afya zao. Haki na wajibu, kupanga na kutekeleza: maneno manne, mawili mawili. Katika safari ya kutoka Alma-Ata mpaka kijijini, wajibu ulifika na haki ikachelewa njiani, kutekeleza kukafika na kupanga kukabaki mjini. Mwaka 1993 Tanzania Bara ilianza kuwatoza wagonjwa ada hospitalini, na hilo likaitwa uchangiaji. Mwaka 1996 ukajaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii huko Igunga, mkoa wa Tabora, ukawekewa sheria mwaka 2001. Kaya ilichanga, serikali ikaongeza mfano wake, na mtindo huo ukapewa jina tamu la tele kwa tele. Mfuko huo ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Jasho la wananchi limekuwa na njia nyingi za kupokelewa. Neno lao lina njia ngapi?

Zipo njia, na haki inatutaka tuzitaje. Sheria ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Kila zahanati yatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe waliotoka kwa wananchi. Na tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo badala ya kupita na kukaa wilayani, ambalo ni jambo kubwa kuliko linavyosifiwa, kwa sababu kamati isiyo na fedha ya kuamulia ni baraza la kupoteza jioni.

Kisha liko sanduku la maoni. Hili nalijua vyema, kwani halina tofauti Bara na visiwani: kisanduku cha mbao ukutani, tundu juu, kufuli mbele. Aliyelibuni alikuwa na nia njema. Lakini hebu tumchukue mwanamke wa Mwamanyili ambaye ameamka alfajiri, amebeba mtoto mgongoni, amefika zahanati na kukuta dawa hakuna au muuguzi hayupo, na anataka kulisema hilo. Kwanza awe anajua kuandika, na awe na karatasi na kalamu. Kisha aandike kwa Kiswahili, ilhali uchungu wake ameuhisi kwa Kisukuma. Kisha hati yake isitambulike, katika mahali ambapo wanaoandika wanajuana hati. Na mwisho atumbukize karatasi ndani ya sanduku ambalo, mara nyingi, ufunguo wake unakaa kwa yule yule anayelalamikiwa. Akishavuka yote hayo ataondoka, na hatasikia tena habari ya karatasi yake. Mwaka unaofuata atakapoambiwa atoe maoni, atacheka.

Suala la lugha lahitaji neno zaidi, na msomaji anivumilie. Bara yote cheo cha mkuu wa zahanati ni mganga mfawidhi. Kwa masikio ya pwani, mganga bado hubeba harufu ya ubani na hirizi. Kwa Msukuma yuko pia nfumu, ambaye humsikiliza mgonjwa na jamaa zake kwa muda mrefu kabla hajatamka la kutamka. Siingii hapa katika ubora wa tiba zake. Nyingine zimewaua watu, na hilo linajulikana. Ila tofauti moja yafaa kuangaliwa. Kwa nfumu, mgonjwa hufika na ukoo wake na kueleza kisa chake chote kwa lugha yake. Kwa mganga mfawidhi, ambaye huenda ametoka Kilimanjaro au Mtwara, aulizwa unaumwa wapi, huku foleni ikinung'unika nyuma yake.

Sasa tuupe upande wa pili haki yake. Watasema wataalamu: watu wakiulizwa hutaka sindano pale vidonge vinapotosha. Hutaka jengo kabla ya choo, na gari la wagonjwa kabla ya chanjo. Tufuate matakwa yao hata yakiwadhuru? Nao wataongeza kwamba hakuna ushahidi kuwa kuuliza huponya. Kwa hili la pili tunao mfano wetu wenyewe. Kichocho kiko kandokando ya Ziwa Viktoria, cha utumbo, na kiko Unguja na Pemba, cha njia ya mkojo. Tangu mwaka 2012 hadi 2017 ulifanywa utafiti mkubwa katika shehia 90 za visiwa vyetu. Baadhi ya shehia zilipewa dawa ya prazikwanteli peke yake. Nyingine ziliongezewa kazi ya kuua konokono. Na katika kundi la tatu wanajamii waliketi na watafiti, wakasema wao wenyewe kwa nini watoto huingia mtoni, wakashiriki kubuni la kufanya, na mahali pengine vikajengwa vibaraza vya kufulia na vyoo vya kukojolea. Kichocho kilipungua sana. Lakini kilipungua katika makundi yote matatu, na mwishoni hapakuonekana tofauti ya kutegemewa kati ya walioulizwa na wasioulizwa.

Wapo watakaoukwepa mfano huu. Mimi naupenda kwa sababu unatulazimisha kusema kweli. Ikiwa twawauliza watu kwa kuwa kuuliza kunapunguza ugonjwa, basi siku takwimu zitakapokataa tutaacha kuwauliza, nasi tutakuwa tumefanya sawa. Kama baada ya takwimu hizo bado twahisi kuwa ingekuwa vibaya kuwaacha, basi sababu yetu ni nyingine, na yafaa tuitaje. Sababu hiyo ni kwamba mwili ni wake, mto ni wake, mtoto ni wake, na mawe ya ukuta aliyasomba yeye. Mtu huulizwa juu ya kilicho chake hata kama jibu lake halitaongeza kitu katika hesabu ya mwenye kuuliza.

Ama lile la sindano na vidonge, mimi sidai kuwa rai ya wengi ifuatwe. Nadai ijibiwe. Mganga anayesema, hapana, sindano sitakupa, na sababu yake ni hii, amemheshimu mgonjwa kuliko anayemchoma sindano ya maji ili aondoke ameridhika, na kuliko anayempa vidonge bila ya kutazama uso wake. Halmashauri inayosema, paa halitakuja mwaka huu, fedha zimekwenda mahali fulani kwa sababu fulani, itazomewa siku hiyo mkutanoni, isiogope. Kuuliza ni kukopa. Umechukua siku ya mtu, umechukua siri ya maradhi yake na tumaini lake, ukaondoka navyo katika daftari. Anayekopa asirudi ni mbaya kuliko asiyekopa, na kwa hiyo nathubutu kusema kuwa ofisi isiyokuwa na nia ya kujibu haina haki ya kuuliza. Najua msimamo huu una hatari. Wako watakaoushika nusu yake wakaacha kuuliza.

Watu wa pwani hawapaswi kuuona msimamo huu kuwa mgeni. Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi hutupa shairi hadharani akijua kuwa litajibiwa, kwa mizani yake na vina vyake, na anayelipuuza shairi alilotupiwa ndiye huaibika, si aliyetupa. Na Usukumani nako, vyama viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, hushindana uwanjani, kila kimoja kikicheza upande wake, na hukumu hutolewa kwa miguu: kundi lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Wagonjwa nao hufanya hivyo hivyo kimya kimya. Huipita zahanati iliyo karibu wakaenda mbali, kwa nauli wasiyokuwa nayo. Hilo nalo ni maoni, na halihitaji kalamu wala tundu la sanduku.

Nimeiacha methali yetu nyuma, tuirudie. Uji katika nyumba ya Mswahili hupikwa na mtu anayemjua mgonjwa. Anajua kuwa huyu hataki pilipili manga, kwamba yule hutapika ukitiwa tui, na kwamba bibi hunywa kwa kikombe kile kilichomeguka ukingo. Hayo yote yameshaulizwa na kujibiwa kwa miaka. Methali haisemi mgonjwa asijulikane. Inamkanya mwenye uji anayesimama mlangoni na kuuliza, je, nikuletee?, huku akiomba moyoni ajibiwe hapana. Inakataza swali linalosimama mahali pa chakula. Tukiisoma hivyo, inamhusu nani zaidi? Yamhusu afisa anayefika kijijini mara ya tatu kuorodhesha mahitaji ya zahanati ambayo mahitaji yake yameandikwa mara mbili. Huyo anamuuliza mgonjwa uji, na sufuria hajaiteleka.

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia ufumbuzi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wote, lakini wanaosimama kusema si wote. Mwenye ng'ombe wengi husikilizwa, na vijana hupiga makofi. Yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kama alikuja, ameketi nyuma, na kama mtoto ana homa, hakuja. Umma una sauti nyingi, na iliyo kubwa kuliko zote siyo lazima iwe ya mgonjwa. Wasukuma si watu wa kufundishwa kujipanga. Sungusungu walipoanza miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo, hawakushirikishwa na mtu, walishiriki. Na katika nguvu ile ile ya umma waliumizwa wanyonge, kwa hiyo nguvu ya umma peke yake haitoshi kutufariji.

Labda pa kuanzia ni padogo mno. Katika kila ajenda ya kikao cha Kiswahili, baada ya kufungua na kabla ya mengineyo, huwepo kifungu kiitwacho yatokanayo na kikao kilichopita. Hapo ndipo swali la mwanamke yule lingesomwa tena, kwa Kisukuma ikibidi, na jibu lake likatolewa mbele ya watu wale wale waliolisikia. Nimepata kupitia mihtasari ya vikao vya namna hiyo katika kazi yangu ya kutafsiri. Chini ya kichwa hicho, ukurasa baada ya ukurasa, mwandishi wa kikao ameandika neno moja: hakuna.